Mgongo wa Mkulima: Kuishi na Yabisi ya Uti wa Mgongo
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Kila msimu wa mauzo, katika kituo cha kununulia mazao, huonekana mtu anayekaa kando wakati wenzake wakipakia magunia kwenye lori. Hana jeraha, hana bendeji, wala hachechemei. Akiulizwa, husema mgongo unamsumbua. Mwaka wa kwanza huhurumiwa. Mwaka wa pili hutaniwa. Mwaka wa tatu huitwa mvivu. Mazungumzo haya yanamhusu mtu huyo. Yanakihusu chama chake pia, kwa kuwa mwanachama akiacha shamba kwa ajili ya mgongo, gunia lake halifiki tena mizanini, na uzoefu wake wa miaka mingi hupotea pamoja nalo.

Watu wa namna hiyo si wachache. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo, na kwamba idadi hiyo itafikia milioni 843 mwaka 2050. Hakuna maradhi mengine yanayowazuia watu wengi zaidi kufanya shughuli zao. Hata hivyo ni maradhi yasiyoonekana kwa macho, na wahenga walikwisha kusema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Mgongo ulivyo

Uti wa mgongo ni safu ya pingili za mifupa. Mtoto huwa na pingili 33. Anapokuwa mtu mzima, pingili 5 huwa zimeungana na kuwa mfupa mmoja kati ya nyonga, na 4 za mwisho hufanya kifandugu. Zinabaki 24 zinazojongea. Baina ya pingili hizo mna visahani vya gegedu vyenye maji mengi katikati, navyo hufanya kazi ya mto laini. Nyuma ya pingili mna viungo vidogo vinavyouwezesha mgongo kuinama na kugeuka.

Kisahani cha mtu mzima hakilishwi na mishipa ya damu kama misuli inavyolishwa. Hupata riziki yake kwa kufyonza majimaji kutoka katika mifupa iliyo jirani, na ufyonzaji huo husaidiwa na mwendo. Kwa hiyo mgongo usiojongea hukosa chakula. Jambo hili yafaa likumbukwe, kwani mengi yatakayosemwa hapa yanatokana nalo.

Miaka inapopita, visahani hukauka na kuwa vyembamba, gegedu la viungo husagika, na kingo za mifupa huota vichomozo. Hiyo ndiyo yabisi ya uti wa mgongo itokanayo na kuchakaa. Lakini haifai kuogopa kila neno la picha ya hospitali. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2015, uliokusanya uchunguzi wa watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, ulionyesha kwamba visahani vilivyochakaa vilionekana kwa watu 37 katika kila 100 wenye umri wa miaka 20, na kwa watu 96 katika kila 100 wenye umri wa miaka 80. Mgongo uliochakaa si lazima uume, na mgongo unaouma si mgongo uliokufa.

Funzo la mizani

Karani yeyote wa mizani ya mkono anajua kwamba jiwe dogo, likisogezwa mbali na kitovu cha mizani, huweza kulinganishwa na gunia zito. Mgongo nao ni mizani. Mtu anapoinama na kunyoosha mikono ili kunyanyua mzigo, mzigo huwa mbali na kiuno, na misuli ya mgongo hulazimika kuvuta kwa nguvu iliyozidi uzito wa mzigo wenyewe mara nyingi. Mzigo uleule ukikumbatiwa karibu na tumbo, huku magoti yamekunjwa, nguvu hiyo hupungua sana. Akinyanyua na kujipinda kwa wakati mmoja, kama afanyavyo mpakiaji anayerusha gunia ubavuni, hatari huzidi.

Uzito wenyewe nao una mpaka. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 127, unaosema kwamba mfanyakazi asitakiwe wala asiruhusiwe kubeba kwa nguvu za mwili mzigo unaoweza kuhatarisha afya yake. Pendekezo lililofuatana na mkataba huo liliweka kilo 55 kuwa kipimo cha juu kwa mwanamume mtu mzima, na chini ya hapo kwa mwanamke. Gunia la kahawa la kilo 60 limekwisha kuupita mpaka huo, na gunia la lumbesa limeupita mbali zaidi. Lumbesa aghalabu hulaumiwa kwa kumpunja mkulima bei. Ni haki ilaumiwe pia kwa kumvunja mgongo.

Tena mizigo ya nyumbani isisahauliwe. Ndoo ya lita 20 ikijaa ina kilo 20 za maji, mbali na uzito wa ndoo. Mama anayeichota mara nne kwa siku, kisha akabeba kuni, kisha akalima akiwa na mtoto mgongoni, amebeba kuliko mpakiaji wengi wetu tunaomwona kituoni, ijapokuwa jina lake halimo katika orodha ya malipo ya vibarua.

Kutambua aina ya maumivu

Maumivu mengi ya mgongo hupungua katika muda wa majuma machache. Yakizidi miezi mitatu huitwa maumivu sugu. Katika yabisi ya kuchakaa, mgonjwa huamka na ukakamavu wa muda mfupi, hupata nafuu akitembea kidogo, kisha huumia tena baada ya kazi nzito au kusimama kwa muda mrefu.

Ipo aina nyingine, ijulikanayo kwa madaktari kama ankilosingi spondilaitisi. Hii haitokani na uzee wala na mizigo, bali na kinga ya mwili kushambulia viungo vyake yenyewe. Aghalabu huanza kabla ya umri wa miaka 45. Mgonjwa huamshwa na maumivu usiku wa manane, hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, hupata nafuu akijinyoosha na kutembea, wala kupumzika hakumsaidii. Wengine hupatwa pia na jicho jekundu lenye kuuma. Isipotibiwa, pingili zaweza kuungana na mtu akabaki ameinama. Kijana mwenye dalili hizi asiambiwe kwamba amezeeka mapema. Apelekwe kwa daktari.

Kadhalika ziko dalili za hatari ambazo hazingoji msimu uishe. Homa, jasho la usiku na kukonda pamoja na maumivu ya mgongo huweza kuwa kifua kikuu kilichoingia katika uti wa mgongo. Ugonjwa huu hutibika kwa dawa, ila ukicheleweshwa huacha kibyongo au kupooza. Mfugaji anayekunywa maziwa mabichi aweza kupata homa ya brusela, ambayo nayo hushambulia mgongo. Mtu ambaye miguu inaishiwa nguvu, au anapata ganzi katika sehemu za siri na makalio, au anashindwa kuuzuia au kuutoa mkojo au choo, afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo aliyeanguka kutoka mtini au juu ya shehena, na mtu aliyewahi kuugua saratani.

Kitanda si dawa

Desturi ya zamani ilikuwa kumlaza mwenye mgongo hata apone. Mwaka 1995 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa wafanyakazi wa jiji la Helsinki, nchini Finland, waliokuwa wamepatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo. Baadhi yao walilazwa kwa siku mbili, wengine walipewa mazoezi maalumu, na wengine waliambiwa waendelee na shughuli zao za kawaida kadiri maumivu yalivyowaruhusu. Waliopona upesi zaidi ni hao wa mwisho.

Kwa maumivu sugu, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake mwezi Desemba 2023. Lilikubali elimu kwa mgonjwa, mazoezi, msaada wa kuituliza nafsi, na dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni kwa wanaozifaa. Halikukubali mikanda ya kiunoni, kuvutwa mgongo kwa mitambo, wala dawa kali za jamii ya afyuni. Ieleweke kwamba hata dawa za kawaida, kama diklofenaki inunuliwayo dukani bila kuuliza, zikimezwa mfululizo huweza kuleta vidonda vya tumbo, kuharibu figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye maradhi hayo, na mama mjamzito, wasizimeze bila ushauri wa mganga wa zahanati.

Basi mgonjwa afanye nini? Asubuhi, kabla ya kuinama kwa jembe, atembee kidogo, maana visahani huvimba maji usiku na mgongo huwa mkakamavu. Atembee kila siku, hata siku asizokwenda shamba. Ajifunze kwa mtaalamu mazoezi ya kuimarisha misuli ya tumbo, mgongo na mapaja. Abadilishe kazi kabla maumivu hayajambadilisha yeye: apalilie mistari michache, anyooke, achambue mbegu, kisha arudi. Kosa la wengi ni kufanya kazi ya siku tatu katika siku moja ya nafuu, kisha kulala siku nne. Mistari mitano ya kila siku humaliza shamba mapema kuliko mistari ishirini ya siku moja ikifuatwa na kitanda. Haba na haba hujaza kibaba.

Wajibu wa chama

Yote hayo ni ya mgonjwa, lakini yapo yasiyowezekana bila chama. Mfano mmoja unatoka mbali. Katika jimbo la California, Marekani, vibarua wa mashamba ya mboga walilazimishwa kwa miaka mingi kutumia jembe la mpini mfupi sana, lililowaweka wameinama kutwa. Madaktari walishuhudia kwamba jembe hilo liliwaharibu migongo. Wenye mashamba walishikilia kwamba kazi haiwezi kufanyika vizuri kwa jembe refu. Vibarua hawakunyamaza, walipeleka shauri mbele, na mwaka 1975 Mahakama Kuu ya jimbo hilo ikawapa haki, na jembe fupi likapigwa marufuku. Mboga za California hazikukoma kuota.

Hakuna mkulima mmoja aliyeweza kushinda shauri hilo peke yake. Nguvu ilikuwa katika umoja, na umoja ndio msingi wa ushirika. Chama cha msingi kinaweza kuamua, katika mkutano wake mkuu, mambo yasiyohitaji fedha nyingi: kukataa lumbesa mlangoni mwa ghala, kupakia magunia madogo pale mnunuzi anapokubali, au kila gunia zito libebwe na watu wawili, kujenga jukwaa lenye kimo cha lori, ili mzigo usukumwe badala ya kunyanyuliwa kutoka ardhini, kununua toroli, na kuagiza, pamoja na pembejeo nyingine, mipini mirefu ya majembe inayomfaa mtu mrefu na mfupi.

Tena chama kinaweza kugawa kazi kwa akili. Na achukuliwe bwana ghala aliyekitumikia chama miaka ishirini, ambaye sasa hawezi kubeba. Ziko njia mbili za kumtendea. Ya kwanza ni kumwacha afiche maumivu yake kwa kuogopa kupoteza ujira, ameze vidonge kila asubuhi, abebe hata siku ashindwe kuinuka. Chama kitapata bwana ghala mpya asiyejua ni gunia lipi lina unyevu na ni lipi limechanganywa. Njia ya pili ni kumwuliza mapema, mbele ya kamati na bila kumwaibisha, kazi gani anaiweza na ipi haiwezi. Kisha kumpa daftari la mizani na kazi ya kukagua ubora, awe na kiti lakini awe huru kusimama na kutembea. Gunia abebe kijana, naye kijana afundishwe kubeba vizuri, asije akafika hapo alipofika mzee wake.

Ndugu Makatibu, katika vitabu vya chama mna safu ya kilo, safu ya bei na safu ya makato. Hamna safu ya maumivu, wala haitakuwapo. Kwa sababu hiyo lazima mwenye maumivu aulizwe, na akijibu aaminiwe. Yabisi ya uti wa mgongo aghalabu haimwachi mtu mpaka mwisho wa maisha yake, lakini haimzuii kulima, kuuza, kupiga kura katika mkutano wala kulea watoto, iwapo kazi imepimwa kwa haki kama mazao yanavyopimwa.

Msimu ujao, mtu yule anayekaa kando ya lori asipitwe kwa utani. Aulizwe habari za mgongo wake, kisha aelekezwe kwenye kazi anayoiweza.