Joto Liibalo Nguvu za Injini: Mazungumzo kwa Madereva Wapitao Mtito Andei

Mji wa Mtito Andei, katika Kaunti ya Makueni, upo karibu na nusu ya njia kuu itokayo Mombasa kwenda Nairobi, mwendo wa kilomita zipatazo 480. Kwa sababu hiyo madereva wengi husimama hapo kula, kunywa chai na kutia mafuta. Watu hupumzika, lakini injini iliyozimwa haianzi kupoa mara moja kama wengi wadhanivyo. Kwa muda fulani joto ndani ya boneti huzidi kupanda.

Chukueni mfano wa dereva aliyetoka Mombasa asubuhi, gari lake limejaa watu na mizigo. Afika Mtito Andei saa saba mchana, jua ni kali. Azima injini upesi, aingia hotelini, na baada ya robo saa ashika tena njia ya Nairobi. Mara akuta mbele yake lori refu liendalo polepole, naye akata shauri kulipita. Akanyaga mafuta, lakini gari haliitikii kama alivyozoea, na mbele yaonekana basi likija. Nafasi aliyodhani yamtosha sasa haimtoshi. Dereva huyo hulaumu petroli, au humlaumu fundi, kumbe adui wake ni joto.

Sababu yake ni hii. Injini haichomi mafuta peke yake. Huyachoma pamoja na hewa. Hewa iliyo baridi imeshikamana, na hewa iliyopashwa moto hutanuka na kuwa nyepesi. Hewa ya nyuzi 35 za Selsiasi ikipashwa hadi nyuzi 70, katika kila sehemu kumi za uzito wake hupotea karibu sehemu moja. Silinda hujaa vilevile, lakini hujaa hewa hafifu, na nguvu hupungua. Tena, kutoka pwani hadi Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa mita zipatazo 1,660, hewa huzidi kupungua uzito kwa ajili ya kimo peke yake. Basi hasara ya joto huongezwa juu ya hasara ya mlima.

Gari liendapo, upepo hupita katika rejeta na maji huzunguka, na joto huchukuliwa nje. Injini ikizimwa, maji katika magari mengi husimama na upepo hukoma, lakini vyuma vingali vya moto. Joto lao huenea ndani ya boneti na kuingia katika chujio la hewa na mabomba yake. Dereva awashapo tena, hewa yote ivutwayo hupita katika mabomba hayo ya moto. Katika magari ya sasa kuna kifaa kipimacho joto la hewa. Kompyuta ya gari ikijulishwa kwamba hewa ni ya moto sana, yaweza kupunguza nguvu ili injini isidhurike. Katika magari ya zamani yenye kabureta, petroli yenyewe huweza kuchemka, na gari likakataa kuwaka.

Dawa ya jambo hili si ghali. Kwanza, dereva na aende polepole katika kilomita mbili au tatu za mwisho kabla ya kusimama, kisha aiache injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima. Pili, atafute kivuli, na aelekeze uso wa gari upande utokao upepo. Lakini asisimame juu ya majani makavu, maana bomba la moshi huweza kuyawasha. Tatu, akiweza, afungue boneti ili joto litoke juu. Asithubutu kufungua kifuniko cha rejeta wakati huo, maana maji yachemkayo yatamrukia usoni. Wala asitie mkono karibu na feni ya umeme, kwani yaweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Liko pia la kufanywa nyumbani au kwa fundi kabla ya safari. Bomba la kuvutia hewa lichunguzwe kama lingali limefika mahali pake penye upepo wa nje. Mara nyingi bomba hilo huchomolewa katika matengenezo lisirudishwe, na injini ikabaki kuvuta hewa ya moto ya ndani ya boneti. Bati la kukinga joto la bomba la moshi lirudishwe pia. Halikuwekwa kwa pambo. Rejeta isafishwe vumbi na wadudu. Tena wako vijana waondoao kasha la chujio na kuweka chujio lililo wazi ili injini ivume kwa sauti. Bila ukuta wa kulitenga na joto, chujio hilo huvuta hewa ya moto, na mwenye gari hupata kelele badala ya nguvu.

Wajuzi wa njia ngumu hawakulipuuza jambo la hewa. Mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yalionyesha katika miaka ya 1990 magari yenye bomba la hewa lililopanda kando ya kioo cha mbele. Liliwekwa hasa kwa ajili ya maji ya mito na vumbi, lakini bomba la namna hiyo huvuta pia hewa ya nje, iliyo mbali na joto la injini.

Mwisho, dereva aondokapo Mtito Andei na asishindane na malori mara moja. Aende kwa utaratibu dakika kadhaa, upepo upite na mabomba yapoe, ndipo aijaribu nguvu ya gari lake mahali ambapo njia ni nyeupe mbele. Wazee walisema, kawia ufike. Dakika hizo chache hazimchelewishi mtu Nairobi, na abiria walio nyuma yake wana watu wawangojeao.