Dhahabu ya Vita vya Msalaba

Kipindi cha leo kinahusu sarafu ya dhahabu, nyembamba, yenye uzito usiofika gramu 4, ambayo wakusanyaji wa sarafu za kale huigombania mnadani. Pande zake zote mbili zimejaa maandishi ya Kiarabu: shahada ya Kiislamu, na jina la al-Amir, khalifa wa Wafatimiya aliyetawala Misri tangu 1101 hadi 1130. Walioipiga chapa, hata hivyo, walikuwa Wakristo kutoka Ulaya, waliovuka bahari kuja kupigana na Waislamu.

Ilikuwaje?

Mwaka 1099 majeshi ya Vita vya Msalaba yaliteka Yerusalemu na kusimamisha dola zao katika nchi ya Sham. Kwao Ulaya Magharibi walizoea visarafu vya fedha. Dhahabu ilikuwa haijapigwa chapa huko kwa muda mrefu isipokuwa katika maeneo machache. Sham walikuta masoko yanayokwenda kwa dinari. Mfanyabiashara wa hariri au viungo aliipokea dinari aliyoijua, basi. Watawala wapya wakainakili dinari ya adui, shahada na yote. Wazungu wakaiita bezanti.

Dinari ndiyo iliyopima hata roho za watu. Sultani Salahuddin alipoirudisha Yerusalemu mikononi mwa Waislamu mwaka 1187, fidia ya mwanamume Mkristo aliyetaka kutoka mjini ilikuwa dinari 10, na ya mwanamke dinari 5.

Mkusanyaji huitambuaje bezanti? Kwanza hutazama herufi. Mchongaji wa chapa mara nyingi hakujua Kiarabu. Alichora alichokiona, hivyo maneno yamepinda na herufi nyingine zimekatika. Kisha hupima dhahabu. Dinari halisi ya Wafatimiya ilikaribia dhahabu tupu, ilhali bezanti za Yerusalemu zilianza na takriban asilimia 80, zikashuka hadi chini ya 70. Mwaka 1878 Mfaransa Gustave Schlumberger alichapisha kitabu kikubwa kuhusu sarafu za dola hizo, na wakusanyaji bado hukirejea.

Uigaji huo wa sarafu za Kiislamu ulimchukiza Odo wa Châteauroux, mjumbe wa Papa aliyefuatana na Mfalme Louis wa Tisa wa Ufaransa. Alipofika mji wa Akka, katika nchi ya Sham, mwaka 1250 alikuta Wakristo wakitoa sarafu zenye jina la Mtume Muhammad, akaharamisha jambo hilo, na Papa Innocent wa Nne akamuunga mkono. Mafundi wa Akka wakapata njia. Mwaka 1251 walitoa sarafu yenye msalaba katikati, ikitaja Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, lakini kwa Kiarabu kilekile. Imani ilibadilishwa, lugha ya soko ikabaki ileile.

Karibu karne nne baadaye, huko Ujerumani, sarafu haikuficha ugomvi hata kidogo. Katika Vita vya Miaka Thelathini, kati ya Wakatoliki na Waprotestanti, Christian wa Brunswick, kamanda wa Kiprotestanti, alipora fedha za kanisa kuu la Paderborn, likiwemo sanduku la masalia ya Mtakatifu Liborius. Mwaka 1622 akaziyeyusha na kuzipiga chapa kuwa sarafu za thaler zenye mkono ulioshika upanga na maneno ya kujitangaza rafiki wa Mungu na adui wa mapadri. Askari wake wakalipwa kwa matusi hayo.

Tukirudi kwenye dinari za Wafatimiya, zilifika hata kwetu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu kisiwani Pemba, iligunduliwa hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000 za watawala wa pwani, pamoja na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya. Thamani yake kwa wanahistoria inatokana na kukutwa pamoja: sarafu za kigeni zenye tarehe ziliwasaidia kukadiria umri wa zile za pwani zisizo na tarehe.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukikuta sarafu ya kale shambani au ufukweni, usiisugue kwa ndimu wala mchanga, na usimuuzie mpita njia. Kumbuka mahali ulipoiona, piga picha, kisha toa taarifa kwenye makumbusho au ofisi ya mambo ya kale iliyo karibu nawe.