Karatasi ya Mbunge na Uwezo wa Kumwondoa Rais
Mhadhara wa umma, Busia



Kuna hoja iliyoota mizizi katika miji yetu hii ya mpakani. Nimeisikia kwenye vijiwe vya bodaboda Malaba na nimeisikia midomoni mwa maprofesa: ikiwa wagombea urais wote hawafai, mtu mwenye msimamo abaki nyumbani, na kutokwenda kwake kutakuwa ujumbe. Marehemu mjomba wangu, aliyelima mihogo upande wa Tororo, aliishikilia hoja hiyo hadi mwisho wa maisha yake. Nilimpenda sana, na kila Krismasi tulibishana. Leo naendelea na ubishi huo.

Ujumbe huo unapokewa na nani? Ibara ya 138 ya Katiba ya Kenya inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Uganda, Ibara ya 103 inadai zaidi ya asilimia 50 ya kura halali. Asiyepiga kura hayumo katika hesabu yoyote kati ya hizo. Aliyeharibu karatasi makusudi hayumo pia. Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa hazihesabiwi. Kwa maneno mengine, anayesusa humpunguzia mzigo yule yule anayemchukia, maana nusu inayotakiwa inakuwa ndogo zaidi. Mwenye shaka aitazame tarehe 26 Oktoba 2017. Upinzani ulisusia uchaguzi wa marudio, waliojitokeza hawakufika asilimia 40, na katika kaunti nne za Nyanza vituo vingi havikufunguliwa. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 98, Mahakama ya Juu ikauthibitisha ushindi huo mwezi uliofuata, naye akatawala hadi 2022. Bado nangoja wasusiaji wanijibu kuhusu tarehe hiyo.

Swali linaloachwa ni hili: rais aliyekwisha kuapishwa huondolewa na nani? Pande zote mbili za mpaka, jibu ni wabunge. Kenya, theluthi moja ya wabunge huanzisha hoja chini ya Ibara ya 145, theluthi mbili huipitisha, kisha theluthi mbili ya Seneti huamua. Uganda, Ibara ya 107 inataka sahihi za theluthi moja, uchunguzi wa majaji watatu wa Mahakama ya Juu, na kura za theluthi mbili. Basi karatasi ya mbunge, tunayoigawa kwa ukoo na kwa michango ya matanga, ndiyo yenye uwezo huo.

Wasamia wanalijua hili kuliko wengi. Aggrey Awori, mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini, aligombea urais wa Uganda mwaka 2001 akawa wa tatu, na hakufikisha hata asilimia 2. Ng'ambo ya mpaka, kaka yake Moody Awori alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya, na Desemba 2007 wapiga kura wa Funyula walimnyima ubunge kwa siku moja.

Nitaambiwa kwamba wabunge si wetu. Kweli, Desemba 2017 wabunge 317 wa Uganda waliondoa ukomo wa umri wa rais dhidi ya 97, na Mahakama ya Katiba, ikiketi Mbale, jirani kabisa na Tororo, ikaubariki uamuzi huo. Oktoba 2024 wabunge 281 wa Kenya walipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua, lakini wingi wa Bunge ulikuwa upande wa Rais.

Hapo ndipo naishika Ibara ya 84 ya Katiba ya Uganda ya 1995, ambayo kila nikiisoma nawastahi walioiandika. Mbunge angeweza kurudishwa nyumbani kwa kukosa uwezo wa mwili au akili, kwa mwenendo wa aibu, na pia kwa kuwatelekeza wapiga kura wake mara kwa mara bila sababu ya maana. Theluthi mbili ya waliojiandikisha wangetia sahihi, Spika angepewa siku saba tu kuitaka Tume ya Uchaguzi ifanye uchunguzi wa hadhara. Kisha aya ya saba ikaifunga haki hiyo kwenye mfumo wa Movement, usio wa vyama, pekee, na kura ya maoni ya 2005 iliporudisha vyama vingi, ikazimika. Kenya inayo haki kama hiyo katika Ibara ya 104, ila Mahakama Kuu ilibatilisha mwaka 2017 baadhi ya vifungu vya sheria ya kuitekeleza.

Ndugu zetu wa Tororo na Busia ya Uganda, daini aya ya saba ifutwe. Nanyi wa Funyula, Butula, Matayos, Nambale, Budalang'i na Teso zote mbili, Agosti 2027 mwulizeni kila anayeomba ubunge, kabla hamjamwuliza habari za barabara, kama atatia sahihi hoja ya Ibara ya 145 siku ikilazimu. Ajibu hadharani, mbele ya wazee.