Kabla ya Kukopa, Fungua Daftari

Maelezo kwa wafanyabiashara wadogo wa kaunti



Kuna hali ambayo wafanyabiashara wengi wanaijua vizuri. Kibanda kinafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, wateja wanakuja, bidhaa zinaisha, lakini siku ya kwenda kununua stoki pesa hazitoshi. Mwaka unakwisha na rafu iko vile vile, au imepungua. Mwenye biashara akiulizwa hali, anajibu, "Tunasukuma tu." Na dawa ya kwanza inayomjia akilini ni mkopo.

Mkopo unaweza kusaidia, lakini kuna swali linalotangulia: pesa zinazoingia sasa zinakwenda wapi?

Chukua mfano wa mama anayeuza nyanya, vitunguu na sukuma wiki. Kwa siku ya kawaida anauza bidhaa za shilingi 3,000, ambazo alizinunua kwa shilingi 2,400. Zinabaki 600, naye huona hiyo ndiyo faida. Lakini kodi ya kibanda ni shilingi 100 kwa siku, ushuru wa soko 50, usafiri wa mzigo 150, karatasi za kufungia na dakika za simu 30. Jumla ni 330. Faida yake ya kweli ni shilingi 270.

Jioni anapita kununua unga na maziwa. Asubuhi mtoto anahitaji nauli, na jirani akifiwa kuna mchango wa matanga. Zote hutoka katika mkebe ule ule wa mauzo. Zikijumlishwa, ni kama shilingi 400 kwa siku. Biashara imempa 270, naye ametoa 400. Shilingi 130 zimetoka kwenye mtaji. Kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 3,380 kila mwezi.

Mama huyu akikopa shilingi 10,000 leo bila kubadilisha lolote, pesa hizo zitaliwa kabla ya miezi mitatu kwisha. Stoki itarudi ilipokuwa, na deni litabaki. Si kwamba ni mvivu, wala si kwamba soko limemkataa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hivyo ndivyo ilivyomtokea.

Mpango wa kutoka hapo una hatua tatu.

Hatua ya kwanza ni kuandika kwa wiki nne mfululizo. Daftari la kawaida la shule linatosha. Kila jioni, kabla ya kufunga, yaandikwe mambo matano: mauzo, pesa za kununua bidhaa, gharama za kazi, pesa zilizokwenda nyumbani, na bidhaa zilizooza au kukopeshwa wateja. Sukuma wiki iliyopelekwa nyumbani kupikwa nayo iandikwe kwa bei yake. Anayelipwa kwa simu ni vizuri awe na laini au nambari ya biashara pekee, ili malipo ya wateja yasichanganyike na pesa za familia. Wiki hizo nne asibadilishe kitu. Kazi ni kuona tu.

Hatua ya pili ni mwenye biashara kujilipa mshahara. Hapa ndipo pagumu. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa sababu ya karo, hakuna mzazi atakayeuangalia mkebe wa mauzo na kusema pesa hizo si zake. Ndiyo maana kiasi cha nyumbani kinafaa kupangwa mapema, na wote wa nyumbani wakijue. Karo na dharura zitafutiwe mahali pengine pa kuwekewa, kama chama au Sacco, hata kama ni kwa kiasi kidogo kila wiki.

Hatua ya tatu ni kuziba tundu moja kwa wakati mmoja. Daftari ndilo litakaloonyesha lile kubwa. Kwa mama wa mfano huu ni usafiri. Akishirikiana na jirani kukodi gari moja la mzigo, usafiri unashuka kutoka 150 hadi 75, na faida inapanda hadi 345. Akijilipa 250 kwa siku, zinabaki 95. Kwa siku 26 ni shilingi 2,470. Mwezi uliokuwa ukila mtaji sasa unauongeza, na hajapata mteja mpya hata mmoja. Kwa mwingine tundu litakuwa madeni ya wateja, au bidhaa inayokaa rafuni miezi miwili.

Baada ya hapo, mkopo una maana. Hata hivyo, muda wa mkopo ulingane na kazi yake. Hazina ya Hustler ilipozinduliwa tarehe 30 Novemba 2022, mkopo wake wa mtu binafsi ulikuwa wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka na kulipwa ndani ya siku 14. Mkopo wa aina hiyo unafaa bidhaa zinazouzika kwa siku chache. Kujengea kibanda au kununulia mashine kunahitaji mkopo wa muda mrefu, na kikundi chenye hesabu zilizoandikwa kina la kuonyesha kinapoomba.

Chini ya Katiba ya 2010, maendeleo ya biashara, masoko, leseni za biashara na vyama vya ushirika ni kazi za serikali za kaunti. Kwa hivyo mwananchi ana haki ya kufika kwa maafisa wa biashara na wa ushirika akiwa na daftari lake na kuuliza maswali. Ana haki pia ya kudai risiti kwa kila ushuru anaolipa sokoni, kisha aiweke ndani ya daftari hilo. Ada ya leseni igawanywe kwa miezi 12 na kuwekwa kidogo kidogo, ili isije ikalipwa kwa pesa za stoki.

Anayefanya biashara peke yake anaweza kutafuta mwenzake mmoja sokoni, wakae pamoja kila Jumamosi na kukaguana madaftari. Aibu ya kuonyesha hesabu mbaya hupungua mtu anapogundua kwamba za jirani ni hivyo hivyo.

Kazi ya kwanza ni ya jioni ya leo: kabla ya kufunga, kila mmoja ahesabu yaliyoingia, aandike yaliyotoka, kisha ndipo aende nyumbani.