Sahihi Moja Haitoshi



Mwaka 1995 Mona Sahlin, naibu waziri mkuu wa Sweden, alibainika kulipia mambo yake binafsi kwa kadi ya serikali. Alirudisha fedha, hakushtakiwa mahakamani, lakini alijiuzulu. Sheria ya nchi ile tangu 1766 inampa raia haki ya kuomba karatasi za serikali, na risiti ya waziri ni karatasi ya serikali.

Kwetu Kongo mkubwa hana haja ya kadi. Barua yake inatosha.

Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, kwa awamu tano, kwa sababu ya maovu ya vita vya 1998 hadi 2003. Mwaka 2005 mahakama hiyohiyo ilikwisha kutamka kwamba jeshi la Uganda liliikalia Ituri, jimbo letu. Basi fedha hizo ni za wajane na yatima wetu pia. Zilizolipwa ziliwekwa katika FRIVAO, mfuko wa fidia kwa wahanga, wenye makao Kisangani. Humo zikatoka dola milioni 19 kwa ajili ya kujenga gereza. Constant Mutamba, aliyekuwa Waziri wa Sheria, alishtakiwa kwa ajili ya fedha hizo, naye akakana kosa. Tarehe 2 Septemba 2025 Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ya kulazimishwa.

Wengi walishangilia. Mimi nauliza: fedha za wahanga zilipitaje milango yote hadi zikatoka? Hukumu huja nyuma ya hasara, nayo huweza kutenguliwa: Vital Kamerhe, aliyekuwa mkurugenzi wa ofisi ya Rais, alihukumiwa miaka 20 mwaka 2020, akaondolewa hatia 2022.

Kinga ipo tayari katika sheria ya fedha za umma ya tarehe 13 Julai 2011. Anayeamuru malipo si yule anayelipa, na mhasibu anatakiwa kukataa karatasi isiyotimia. Lakini mhasibu huyo ana watoto wa kusomesha, na cheo chake kiko mikononi mwa anayemwamuru. Tena kuna malipo ya dharura: fedha hutoka kwanza, karatasi hutafutwa baadaye. Mlango huo uliachwa wazi kwa ajili ya maafa, nao umegeuzwa njia ya kila siku. Hapo ndipo ninapotaka tukaze: mhasibu aliyekataa kwa maandishi asihamishwe wala kufukuzwa kabla ya Korti ya Hesabu kusema neno lake, na kila malipo ya dharura yatangazwe katika siku 30, kiasi, mpokeaji na jina la aliyeamuru.

Kwa Ituri jambo hili ni zito zaidi. Tangu tarehe 6 Mei 2021 tuko chini ya utawala wa kijeshi, na kazi ya bunge la jimbo, ambalo lingemwita gavana ajieleze, ilisimamishwa.

Najua jibu litakalotolewa: jimbo liko vitani, matumizi ni siri ya usalama. Nakubali kwamba hesabu ya risasi haisomwi redioni. Lakini tikiti za ndege za wajumbe, hoteli za Kinshasa, mafuta ya magari ya ofisi na ukarabati wa makazi ya wakubwa havimfunulii adui chochote. Hesabu hizo zisomwe redioni, kwa Kiswahili, kila mwezi.