Kipandauso na Usingizi wa Ramadhani



Ndugu zangu, jana usiku mlilala saa ngapi? Msinijibu, mwenye kujua anajua.

Kwetu Kangemi, mama alikuwa akishikwa na kichwa kila Ramadhani. Upande mmoja unagonga kama kinu, mwanga hataki, redio hataki, mwisho anatapika. (Kutapika bila kukusudia hakuharibu saumu, wengi hawajui.) Sisi tukisema ni njaa. Na yeye akiogopa kufungua, watu wasije wakamwona imani yake ndogo. Kumbe ni kipandauso.

Hebu tuhesabu. Hapa Nairobi tuko karibu na ikweta, saumu yetu ni kama saa 13 na nusu, mwaka nenda mwaka rudi. Haijarefuka. Lakini mama alikuwa akimaliza vyombo saa 6 usiku, na saa 9 ameshaamka kupika daku. Saa tatu tu za kulala! Mtu mzima anahitaji 7 au zaidi.

Ubongo wa mwenye kipandauso haupendi kubadilishiwa ratiba. Sehemu moja ndogo, chini kabisa ya ubongo, ndiyo inayosimamia njaa, kiu na usingizi, na inahusika pia maumivu haya yanapoanza. Ndiyo maana wengine hupiga miayo sana kabla kichwa hakijauma. Kulala kidogo huuchokoza, na kulala kupita kiasi vilevile. Kwa hivyo wewe unayekesha tauni baada ya tarawehe Jamia, halafu Jumapili unalala mpaka adhuhuri, usidhani umelipa deni.

Njaa ina sehemu yake, sikatai. Utafiti wa Saudia uliochapishwa 1999 uliona kichwa kiliwauma watu 41 katika kila 100 waliofunga, na 8 tu katika kila 100 wasiofunga. Kukosa kahawa na chai ndiko kulikochangia sana. Basi sisi chai tulianza kuipunguza Shaabani.

Tulifanya nini kingine? Niliosha sufuria. Ndio, mimi mwanamume. Daku ikapikwa jioni, alfajiri ni kupasha tu. Mama akalala saa 4, na qailula kidogo baada ya adhuhuri. Ukiona kulala ni uvivu, kumbuka kisa alichopokea Bukhari: Salman alimzuia Abu Dardaa asikeshe, wakaamka pamoja mwisho wa usiku kuswali, na Mtume (s.a.w.) akamuunga mkono Salman.

Dawa za maumivu nazo tuzichunge. Ukizimeza siku 15 au zaidi kwa mwezi, zenyewe huzaa kichwa. Muone daktari kabla ya mwezi kuandama.

Ramadhani ile kilimshika mara mbili tu. Ya pili ilimzidi. Nikamsomea Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, ruhusa ya mgonjwa. Akafungua saa 9 mchana, akanywa maji na dawa, akalala gizani. Siku hiyo ameshailipa.

Wabillahi taufiq.