Ukuta Hauzai Mchanga



Jioni hii nina hoja moja. Tunaposema tunalinda ufukwe, mara nyingi tunalinda kilicho nyuma yake: barabara, hoteli, nyumba, makaburi. Hivyo vyote vinastahili kulindwa. Lakini ufukwe wenyewe ni mchanga unaosafiri, na hakuna ukuta unaozaa mchanga.

Tuitazame pwani ya Dar es Salaam, kuanzia Msasani hadi Kunduchi na Bahari Beach. Msimu wa kusi, mawimbi huijia pwani kwa mshazari na kuusukuma mchanga kuelekea kaskazini. Upepo wa kaskazi ukivuma, sehemu ya mchanga huo hurudi kusini. Mwingi huletwa na mito kama Mbezi na Tegeta wakati wa masika. Mwingine ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari. Kwa hiyo ufukwe ni kama ghala la nafaka: linadumu ikiwa kinachoingia kinatosha kufidia kinachotoka.

Sasa tuweke ukuta. Wimbi lililozoea kupanda mteremko wa mchanga na kuishiwa nguvu humo, likigonga zege hurudi na nguvu zake, likiuchota mchanga ulio mbele ya ukuta. Mwaka baada ya mwaka ufukwe hushuka, na hatimaye msingi wenyewe huanza kuchimbika. Mji wa Galveston, Marekani, ulijenga ukuta wake kati ya 1902 na 1904, baada ya kimbunga cha 1900 kuua maelfu ya watu. Kimbunga kingine kilipoupiga mwaka 1915, ukuta uliokoa mji. Ila ufukwe uliokuwa mbele yake ulipotea. Ukuta ulitimiza kazi uliyojengewa. Kutunza ufukwe haikuwa kazi yake.

Groini, yaani vizuizi vya mawe vinavyotoka ufukweni kuingia majini, hufanya kazi kwa namna nyingine. Hunasa mchanga unaopita. Upande unakotokea mchanga, ufukwe hunenepa. Upande wa pili hukonda, kwa sababu riziki yake imezuiwa njiani. Kunduchi tumeliona hili kwa macho. Bahari ilikula ardhi hadi Hoteli ya Africana ikaachwa, na katika kijiji cha wavuvi, msikiti na nyumba zikaanguka. Wenye hoteli walijenga groini kunusuru viwanja vyao. Walionusurika walinusurika, na mmomonyoko ukahamia kwa jirani wa kaskazini, ambaye mara nyingi hakuwa na fedha za kununua hata lori moja la mawe.

Siwalaumu waliojenga. Mtu ambaye bahari imefika barazani kwake hawezi kuambiwa asubiri. Kuta zilizokamilika mwaka 2018 kando ya Barabara ya Barack Obama na kule Kigamboni zilihitajika. Ninachokataa ni kuufanya ukuta kuwa sera nzima ya pwani, huku malori yakiendelea kuchota mchanga mitoni kwa ajili ya ujenzi wa jiji. Mchanga unaochimbwa mtoni leo ni ufukwe ambao hautafika baharini. Vilevile, kila mwamba wa matumbawe uliovunjwa kwa baruti, au kung'olewa ukachomwa chokaa, ulikuwa ukivunja mawimbi bure, kabla hayajatufikia.

Waholanzi, ambao hakuna wa kuwafundisha kujenga kuta za bahari, mwaka 2011 walimwaga mita za ujazo zipatazo milioni 21.5 za mchanga mahali pamoja katika pwani ya Zuid-Holland, wakaiacha bahari na upepo viusambaze. Sisemi tuige gharama ile. Nasema tujifunze swali walilouliza kwanza: mchanga utatoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Isimamiwe bila kuangalia uso wa mtu. Uchimbaji wa mchanga mitoni uhesabiwe kuwa uharibifu wa pwani, hata ukifanyika kilomita nyingi kutoka baharini. Na pasitolewe kibali cha ukuta au groini kwa kiwanja kimoja kabla mhandisi hajaeleza kwa maandishi kitakachompata jirani anayefuata, na nani atagharimia madhara yake. Mikoko, matumbawe na vinywa vya mito viingie katika bajeti ileile ya ulinzi wa pwani inayonunua zege.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mtaitwa kuchora kuta hizi. Zichoreni vizuri, zidumu. Lakini kabla hamjashika kalamu, pandeni mto unaoulisha ufukwe huo, mkaone kinachoendelea huko juu.